Maji ya Sola Yanayounguza, na Vali ya Kuchanganyia

Msimu wa kipupwe unapoingia, kuanzia Juni, wenye nyumba wa Kisasa, Ilazo na Njedengwa hunipigia simu wakitaka hita ya maji ya jua, na karibu wote huuliza kama maji yatapata moto wa kutosha. Kwa mji wenye jua kama Dodoma, mimi huhofia kinyume chake. Hita ya umeme ina kidhibiti kinachokata umeme joto likifika kiwango kilichowekwa, lakini jua halina swichi. Familia ikisafiri siku tatu wakati wa kiangazi, tenki lililoko juu ya paa huendelea kupokea joto bila mtu kufungua koki, na nimewahi kupima nyuzi 84 kwenye koki ya jikoni saa kumi jioni. Kwa mtu mzima, maji ya nyuzi 60 yanaunguza vibaya ndani ya sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto mdogo au ya bibi mzee haihimili hata hizo.

Wengine hunishauri nifunike sehemu ya mirija ya sola inayopokea jua ili tenki lisipate moto sana. Sikubaliani nao. Bakteria wa Legionella, aliyepewa jina hilo baada ya mlipuko wa homa ya mapafu katika mkutano wa wanajeshi wastaafu huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, husitawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, na humwingia mtu anapovuta pumzi yenye matone madogo ya maji, kama yale ya bomba la mvua. Kwa hiyo maji yahifadhiwe yakiwa na nyuzi 60 au zaidi, kisha joto lipunguzwe njiani, kabla hayajafika bafuni. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaihesabu: tenki la lita 200 lenye maji ya nyuzi 75, yakichanganywa na maji baridi ya nyuzi 22, hutoa takriban lita 460 za maji ya nyuzi 45.

Kazi hiyo ya kupunguza joto hufanywa na vali ya kuchanganyia inayojirekebisha yenyewe, ambayo si sawa na miksa ya kawaida ya bafuni inayozungushwa kwa mkono. Ndani yake mna kikopo kidogo chenye nta maalumu. Maji yaliyochanganyika yakizidi joto lililopangwa, nta hutanuka na kusukuma pistoni inayobana tundu la maji ya moto na kupanua la maji baridi. Yakipoa, nta hunywea na springi huirudisha pistoni. Maji baridi yakikatika ghafla, nta hutanuka hadi tundu la moto lizibwe, na bomba la mvua huacha kutoa maji badala ya kumuunguza mtu. Ulinzi huo hutegemea maji ya moto yawe yamezidi joto lililopangwa kwa nyuzi 10 hivi au zaidi, kwa kuwa bila tofauti hiyo nta haipati joto la kuisukuma pistoni hadi mwisho.

Kosa ninalolikuta mara nyingi liko kwenye chanzo cha maji baridi. Nyumba moja ya Kisasa ilikuwa na sola iliyolishwa na tenki la juu, huku upande wa baridi wa bafu ukiunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani. Usiku, maji ya mtaani yalipokuja kwa nguvu, yalisukuma na kupanda hadi kwenye tenki la sola, na asubuhi mama mwenye nyumba alioga maji ya baridi akidhani sola imeharibika. Siku ya mgao, upande wa baridi ulikauka, vali ikajifunga kama ilivyoundwa, na fundi aliyeitwa akaing'oa akisema inaziba maji. Wiki iliyofuata mgao ulirudi wakati mjukuu yuko bafuni, na mkono wake ukaungua. Vali ile haikuwa na kasoro yoyote. Nilichofanya ni kuirudisha, kuleta bomba la baridi kutoka tenki lile lile linalolisha sola ili shinikizo la pande zote mbili lilingane, na kuweka vali ya njia moja, inayozuia maji kurudi nyuma, na chujio kwenye kila ingizo.

Kwa kuwa maji hushuka kwa uzito wake tu, nasoma pia kwenye boksi shinikizo la chini kabisa ambalo vali inalihitaji ili ifanye kazi. Mita 1 ya kimo hutoa takriban 0.1 bar, hivyo tenki lililo mita 3 juu ya bomba la mvua haliwezi kuendesha vali inayodai 0.5 bar.

Jambo la mwisho ni chokaa. Maji ya visima vya Mzakwe tunayotumia mjini ni mazito, kama sufuria za chai zinavyoonyesha, na yakichemka huacha ukoko mweupe ambao hugandisha pistoni polepole. Ndiyo maana siifukii vali ndani ya ukuta wa vigae. Naiweka mahali mkono unapofika, na kila baada ya miezi 6 naifungua, nailoweka katika siki, nasafisha machujio, kisha naipima. Nafungua maji ya uvuguvugu, nafunga koki ya baridi, na natazama: katika sekunde chache maji yanapaswa kukatika au kubaki matone tu. Yakiendelea kutiririka yakiwa ya moto, sehemu ya ndani hubadilishwa siku hiyo hiyo, na bafu halitumiki mpaka kazi iishe.