Bustani imefungwa, mashabiki wanaingia: "tiketi ya pili" ni kitu gani?

Jumamosi asubuhi, kahawa ya baada ya alfajiri, barazani kwetu Ngamiani, Tanga. Simu yangu ina sauti ya mpwa wangu aliyoituma usiku kutoka Orlando, Marekani. Nikaiweka spika: "Shikamoo mjomba. Mwenzenu leo naingia Magic Kingdom wakati wengine wanatolewa. Nimeshavaa, nitawatumia picha." Mzee wetu mmoja akaacha kupuliza kikombe chake. "Wanafunga, halafu yeye ndiyo anaingia? Kaajiriwa ulinzi?"

Hajaajiriwa. Kalipa, tena kalipa zaidi ya dola 100 kwa usiku mmoja.

Tuanze na bustani yenyewe, hiyo Magic Kingdom. Usifikirie bembea za Idi. Ni eneo lililozungushiwa uzio, ndani kuna treni za kupanda na kushuka kwa kasi, maonyesho, maduka na mikahawa, na kila upande umejengwa kama kipande cha hadithi fulani. Unalipa getini mara moja, kisha unazunguka siku nzima. Disneyland ya California ilifunguliwa 1955, na hii Magic Kingdom ya Florida 1971. Tatizo la siku nzima ni kwamba sehemu kubwa yake unaimalizia kwenye foleni. Unaweza kusimama saa nzima kwa mchezo wa dakika tatu.

Hapo ndipo inapoingia tiketi ya pili. Jioni, tuseme saa kumi na mbili, wenye tiketi ya mchana wanaanza kuelekezwa nje. Bustani haizimwi taa. Inabaki wazi kwa wale tu walionunua tiketi nyingine, ya usiku ule mmoja, na tiketi ya mchana haikusaidii chochote. Wenyewe huko wana jina lao, ukilitafsiri unapata "tiketi ngumu". Mimi nasema tiketi ya pili kwa sababu inaeleweka. Alama yake ni kijibangili mkononi, chepesi, ukikivua kinakatika. Ndicho wanachokitazama wafanyakazi wanaposimama njiani kuchuja watu. Mwenye bangili apite, asiye nayo aonyeshwe kwa adabu njia ya kutokea. Sisi watu wa Tanga msemo wa kuwaaga tunao siku nyingi: waja leo, waondoka leo.

Sherehe yenyewe ya usiku, ile ya Halloween (sikukuu yao ya mavazi na kutishana) aliyokwenda mpwa wangu, huanza saa moja usiku mpaka saa sita. Ila kuna siri ndogo wanayoijua wazoefu: mwenye tiketi ya usiku huruhusiwa kuingia tangu saa kumi alasiri. Anapata saa tatu za bure za kula na kupanga mizunguko yake.

Ndani kuna nini ambacho mchana hakipo? Pipi zinagawiwa, hata kwa watu wazima wenye mvi. Wanatoka wahusika wa hadithi ambao siku za kawaida huwaoni, na watu wanapanga foleni kupiga nao picha. Kabla ya gwaride anapita mpanda farasi asiye na kichwa, mkononi kashika boga lililochongwa uso, linawaka. Mpwa wangu anasema alisimama ukingoni mwa njia karibu saa nzima kumsubiri huyo, naye hupita kwa sekunde chache tu.

Halafu kuna mavazi. Mchana, mtu wa miaka 14 kwenda juu haruhusiwi kuingia kavaa kama mhusika wa hadithi. Usiku wa sherehe anaruhusiwa, mradi asifunike uso na kinyago. Basi mashabiki wanashona nguo zao miezi kabla, kundi zima rangi moja. Akina mama wa Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Ukumbi ule ule uliofanyiwa semina mchana, usiku wanaingia watu wenye sare, kila mmoja kaukariri wimbo mpaka ubeti wa mwisho. Ukumbi haujabadilika, ila waliomo wote wamekuja kwa jambo moja. Kwa shabiki, hiyo ndiyo nusu ya anacholipia. Hakuna wa kukuuliza mtu mzima na ndevu zako unafanya nini hapa.

Jambo hili halikuanza juzi. Mwaka 1961 Disneyland ilianza kuwafungulia usiku wanafunzi waliomaliza sekondari. Mwaka 1973 bustani ya Knott's, jirani yake hapo California, ikaanzisha usiku wa kutishana. Bustani ya Universal ya Orlando ikafuata 1991, na sherehe ya Magic Kingdom ikaanza 1995. Siku hizi zipo hata zisizo na gwaride wala mavazi: saa tatu za usiku, tiketi chache, aiskrimu na bisi humo humo kwenye bei. Watu wanakwenda kupanda treni ile ile mara nne bila kusukumana. Usichanganye na zile saa za nyongeza wanazopewa wageni wa baadhi ya hoteli. Zile ni zawadi ya mpangaji, hazina tiketi ya pili.

Mimi nina neno moja la kulalamika. Siku ile mwenye tiketi ya mchana anafungiwa mapema kuliko kawaida, na kama hakusoma ratiba, anajua anapoonyeshwa mlango. Bustani moja inauzwa mara mbili kwa siku moja. Shabiki anacheka, baba aliyekuja na watoto wanne toka mbali hacheki.

Tukiwa bado kwenye hilo, picha ikaingia. Kwao ilikuwa saa tano na nusu usiku. Mpwa wangu kavaa gauni la zambarau, nyuma yake kasri limewashwa taa, na njia nzima ina watu kama sita hivi. Mzee akaivuta picha kwa vidole viwili, akaichungulia.

"Watu wengine wako wapi?"

"Hawapo, mzee. Hicho ndicho alicholipia."

Akairudisha simu, akachukua kashata. "Bustani ya Jamhuri hapa Tanga saa tano usiku haina mtu hata mmoja, na pale hatoi mtu senti. Mwambie akirudi nitampeleka."