TB: umepata nafuu, bakteria bado wapo

Bakteria wa TB huzaana vipi?
Hana dume wala jike. Hunakili vinasaba vyake, nakala mbili zinajitenga, seli inarefuka, ukuta unajengwa katikati, wanakuwa wawili. Basi.

Mbona dozi ni miezi 6, na maambukizi mengine hutibiwa siku 5?
Ni mwendo wake. E. koli, bakteria wa utumbo, akipata joto na chakula hujigawa kila dakika 20: ndani ya saa 7 mmoja ameshapita milioni 2. Wa TB huchukua karibu saa 20 kujigawa mara moja tu, hivyo idadi hiyo ataifikia baada ya siku 17 na nusu. Isoniazidi, mojawapo ya dawa za TB, huvuruga ujenzi wa ukuta wake, kwa hiyo humuua hasa anayejigawa. Wengine wamelala, hawajigawi. Hao rifampisini, dawa nyingine ya TB, huwanasa wanapozinduka kidogokidogo, na hawazinduki wote wiki moja.

Nimemeza wiki 3, sikohoi, nimenenepa. Niache?
Hapana. Waliokufa ni wale wa kasi. Waliolala wapo.

Miezi 2 imetimia na makohozi ni safi. Je, sasa?
Hapana, tena hapana. Makohozi "safi" maana yake hadubini haikuona kitu, nayo haioni mpaka bakteria wawe maelfu katika mililita moja. Baada ya miezi 2 ya dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi, ethambutoli) bado una miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Zote.

Nikimeza nusu nusu ili zidumu, au nikimgawia ndugu anayekohoa?
Unafuga usugu. Katika kunakili vinasaba hutokea makosa. Kosa moja laweza kumfanya bakteria asidhurike na dawa fulani, na akijigawa, uzao wake wote unarithi. Dawa huchanganywa ili aliyeponyoka hii auawe na ile. Huyo ndugu apimwe; vidonge vyako haviwatoshi wawili.

Mkojo umekuwa rangi ya chungwa!
Ni rifampisini, si damu. Endelea. Macho yakiwa ya njano au ukitapika mfululizo, hapo nenda kituoni siku hiyohiyo wakuamulie wao. Usiache kimyakimya nyumbani. Na pombe, tafadhali, iache: ini tayari lina kazi.

Nina msiba mkoani, wiki mbili.
Pitia kituoni kabla ya kupanda basi, uombe dawa za siku zote hizo na uondoke na kadi yako.