Bwana Asilimia Tano: yanayosemwa na yaliyo kweli

Calouste Gulbenkian, mfanyabiashara wa mafuta, alifariki Lisbon mwezi Julai 1955 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, na tangu hapo hadithi zake zinazidi kutiwa chumvi. Nyingi huanzia kwenye jina lake la utani, Bwana Asilimia Tano, ambalo watu hulisikia na kudhani wameshamwelewa.

Iliyo rahisi kuimaliza ni ile ya mtoto maskini aliyejitengeneza mwenyewe. Alizaliwa Istanbul mwaka 1869 katika familia ya Waarmenia wenye mali. Baba yake alikuwa akiingiza mafuta ya taa kutoka Urusi. Alisomeshwa King's College ya London na kuhitimu uhandisi mwaka 1887, kabla hajatimiza miaka 20.

Wengine humfanya mchimbaji aliyebahatika kupiga kisima chenye mafuta. Gulbenkian hakuishi kwa kuchimba visima. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wasioaminiana, kisha kubaki ndani ya kampuni waliyoiunda. Ndiyo maana hata wanaomwita dalali wanakosea, kwa kuwa dalali hulipwa akaenda zake. Huyu alikuwa haondoki.

Sasa hiyo asilimia 5 yenyewe. Inasimuliwa kama bakshishi aliyotupiwa na wakubwa, lakini hesabu inasema vingine. Mwaka 1912 alishiriki kuunda Turkish Petroleum Company, iliyotaka mafuta ya Mesopotamia (Iraq ya leo), na fungu lake lilikuwa asilimia 15. Machi 1914 serikali ya Uingereza iliitaka nusu ya kampuni iende kwa Anglo-Persian, kampuni ya mafuta ya Waingereza, na katika ugawaji huo mpya Gulbenkian akabanwa hadi 5: Anglo-Persian walimmegea 2.5, Shell 2.5, bila haki ya kupiga kura. Kwa maneno mengine, yalikuwa mabaki ya kilichokuwa chake.

Kilichomtajirisha ni kukataa kumegwa tena. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza fungu la Wajerumani, waliokuwemo katika kampuni hiyo, lilikwenda kwa Wafaransa, Wamarekani nao wakabisha hodi, na likaja pendekezo kwamba kila mwenye hisa achukue mafuta ghafi badala ya gawio la fedha. Kwa kampuni zenye meli na viwanda vya kusafisha mafuta, hilo lilifaa. Gulbenkian angeyapeleka wapi, jikoni kwake Paris? Aligoma kusaini kwa miaka kadhaa. Oktoba 1927 mafuta yalifumka Baba Gurgur, karibu na Kirkuk, na sasa wenye haraka walikuwa wao. Mkataba wa tarehe 31 Julai 1928 uliyapa makundi manne asilimia 23.75 kila moja, yeye akabaki na 5 zake, na Wafaransa wakakubali kuyanunua mafuta ya fungu lake.

Mkataba huo unaitwa wa Mstari Mwekundu, na hapa ndipo hadithi tamu kuliko zote: mzee alichukua penseli nyekundu, kwenye ramani akauzungushia mstari uliokuwa ufalme wa Waturuki, akawaambia ndio huu, anaujua kwa sababu alizaliwa humo. Inapendeza, lakini Waingereza na Wafaransa walikuwa wameshakubaliana mipaka hiyo miezi kadhaa kabla. Penseli haina umuhimu sana. Uzito ulikuwa katika sharti kwamba ndani ya mstari hakuna mshirika aliyeruhusiwa kutafuta mafuta peke yake. Mstari uliikumba karibu Rasi yote ya Arabuni, Oman ikiwemo, ukaiacha Kuwait nje. Saudi Arabia ilikuwa ndani, lakini mwaka 1933 kibali chake kilichukuliwa na kampuni ya California isiyofungwa na mkataba ule.

Kuhusu ukarimu wake, wengi humchora kama babu mpole aliyeipenda Ureno akaiachia kila kitu. Alifika Lisbon mwaka 1942 kwa sababu nchi hiyo haikuwa vitani, akaishi hotelini hadi mwisho, na alikufa akiwa raia wa Uingereza. Upole nao una mashaka: mwanawe Nubar alimshtaki mahakamani baada ya ugomvi ulioanzia kwenye gharama ya mlo wa nyama ya kuku ambao Nubar aliula ofisini. Hata hivyo wosia wa 1953 uliitoa sehemu kubwa ya mali yake kwa wakfu wa sanaa, elimu, sayansi na misaada, na mkusanyiko wake wa sanaa una vipande kama 6,000, vikiwemo alivyouziwa na serikali ya Kisovieti kutoka Hermitage, jumba la makumbusho la huko Urusi. Wakfu ulisajiliwa Ureno mwaka 1956. Jumba la makumbusho lilifunguliwa 1969.

Imebaki dhana kwamba wakfu huo bado unaendeshwa kwa visima. Uliendeshwa hivyo kwa miongo mingi kupitia kampuni ya Partex, iliyoshika hisa zile za mafuta, na Oman ndiyo mfano mzuri. Kisima cha kwanza cha Fahud, mwaka 1956, kilitoka kikavu. Mwaka 1960 washirika wengi walikata tamaa wakajitoa; Shell wakabaki na asilimia 85, Partex 15. Yibal ikatoa mafuta mwaka 1962, Fahud yenyewe 1964, mita mia chache tu kutoka kilipokuwa kile kisima kikavu. Kisha Wafaransa walirudi, baadaye serikali ikachukua asilimia 60 ya ile kampuni ambayo Wazanzibari wengi wa Maskati wanaijua kama PDO (Petroleum Development Oman), na fungu la Partex likashuka hadi 5, halafu 2. Mwaka 2019 wakfu uliiuza Partex kwa kampuni ya Thailand, PTTEP, kwa dola milioni 622. Asilimia 2 hizo za Oman zilikwenda pamoja nayo.