Somo wako aliishije?

Wakatoliki wengi tunajua majina ya watakatifu ila maisha yao hatuyajui, mtu kabatizwa Josefina, novena (sala ya siku tisa) anasali, medali ipo shingoni, lakini muulize huyo somo wako, yaani mtakatifu unayeitwa jina lake, aliishi wapi na alipitia nini, kimya. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tunakutana na hali hii kila mara na inasikitisha kweli, kwa sababu Kanisa likimtangaza mtu mtakatifu halisemi tu tumwombe atuombee, linasema pia tuangalie alivyoishi.

Na huwa linachunguza haswa. Kwa kawaida miaka 5 ipite kwanza tangu kifo ndo kesi ifunguliwe jimboni, mashahidi wanahojiwa, maandishi yake yanasomwa, halafu mafaili yanaenda Roma. Muujiza mmoja ukithibitishwa anatangazwa Mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu (mfiadini, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, hahitaji huo), ukipatikana mwingine ndo anakuwa Mtakatifu.

Sasa huyo Josefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa tena na tena, akapigwa, na bibi mmoja aliyemmiliki aliagiza achanjwe mwilini kwa wembe halafu vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Mwaka 1883 akanunuliwa na konsuli wa Italia, baadaye akafika Italia akawa yaya kwenye familia moja. Yule mama mwenye nyumba alipotaka kurudi naye Afrika, Bakhita wakati huo yuko kwa masista Wakanosa pale Venice anajifunza dini, akasema siendi. Mama akang'ang'ania, suala likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa kwa hiyo huyu dada ni mtu huru. Akabatizwa Januari 1890, akawa sista, miaka mingi akaishi Schio akipika, akidarizi, akifungulia wageni mlango, mpaka alipofariki tarehe 8 Februari 1947.

Hapo kwenye "siendi" naomba tukae kidogo. Bakhita tunamhubiri sana kwa msamaha, na ni kweli aliwasamehe waliomteka, lakini wapo wanaomtumia kumwambia aliyeonewa asamehe na anyamaze, na hiyo sio haki kabisa. Alisamehe, na pia alikataa kurudishwa. Vyote viwili ni utakatifu wake. Ndo maana tangu 2015 siku yake, 8 Februari, Kanisa linasali dhidi ya biashara haramu ya binadamu, maana mpaka leo wapo wasichana wanaahidiwa kazi nzuri nje ya nchi wakifika wananyang'anywa pasipoti na mshahara hawauoni.

Mama Teresa wa Kolkata naye wengi walishtuka barua zake zilipotoka, kumbe kwa miaka mingi sana alikuwa anasali bila kuhisi Mungu yupo karibu, yaani giza tupu ndani, na huku kila siku anahudumia wagonjwa na wanaokufa. Mimi naona barua zile ni zawadi kubwa kwa mtu anayesali leo na haoni kitu, akadhani imani yake imekufa.

Vijana wanaye Carlo Acutis, aliyefariki kwa leukemia (saratani ya damu) mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025, kompyuta aliijua vizuri na akaitumia kutengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi.

Kwa watakatifu wa karne za mwanzo nenda taratibu, habari zao nyingine ni hadithi zilizoongezwa baadaye, kama Mtakatifu Joji na lile joka anayesimuliwa kuliua. Kama somo wako ni wa huko, endelea naye tu, ila tafuta na mwingine aliyeacha barua au maandishi yake mwenyewe, anza na hayo kabla ya kusoma wanaomsimulia.