Kutoa upepo kwenye tairi hakufanyi gari ishike kona

Kuna ile meseji kwenye magrupu, eti kwenye autokrosi yako ya kwanza (mashindano ya kukimbiza gari moja moja kati ya koni, kwa kupimwa muda) toa upepo mpaka tairi zilegee ndo gari ishike. Kwa tairi za kawaida si kweli, upepo ukipungua sana ubavu unajikunja kwenye kona na usukani unachelewa kujibu. Anza na kiwango cha upepo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au juu kidogo, usivuke kile cha juu kilichoandikwa kwenye tairi. Hakikisha mwenyewe: paka chaki ukingoni mwa tairi, piga raundi, ikifutika mpaka ubavuni ongeza upepo, na pima kwa geji kila raundi maana tairi ikipata moto presha inapanda. Watu wanachanganya na kuendesha mchangani, huko kupunguza kunasaidia kweli. Jamani hiyo meseji msiisambaze tena.