Jana alinyonya vizuri: mtoto mchanga ambaye moyo wake unabadilika ghafla

Mimi ni daktari wa moyo wa watoto, niko Dar es Salaam. Wazazi wanaotuletea mtoto wa siku nne, tano, hata kumi akiwa mahututi, wengi wao hawaanzi kuuliza kama atapona. Wanaanza na jana. Jana alinyonya. Jana alilia mpaka jirani akasikia. Alizaliwa na kilo zake tatu na ushee, wakaruhusiwa, mashangazi wakampakata mmoja mmoja, na hakuna aliyeona kitu. Sasa inakuwaje leo awe wa baridi, mlegevu, rangi imempotea, halafu daktari aseme ugonjwa huu kazaliwa nao?

Naandika kulijibu hilo kwa kirefu, maana pale kitandani muda haupatikani, na jibu lisipotoka kwetu litatoka kwingine.

Mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu. Yamejaa majimaji, na oksijeni anaipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma na kitovu. Damu haina haja ya kupita mapafuni kwa wingi. Kwa hiyo kuna kijishipa kifupi kinachounganisha mshipa mkubwa wa kwenda mapafuni na ule mkubwa wa kwenda mwilini, yaani aota. Vitabuni kinaitwa daktasi. Ni njia ya mchepuko, kama ile ambayo mkandarasi anaichonga pembeni wakati barabara yenyewe bado haijafunguliwa. Mtoto akishazaliwa na kuvuta pumzi, oksijeni katika damu inapanda, na prostaglandini, kemikali iliyokuwa ikimfikia kwa wingi kutoka kwenye kondo, inapungua. Misuli ya kijishipa hicho inajikaza. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake kinajifunga ndani ya siku mbili tatu, kisha kinaziba moja kwa moja katika wiki zinazofuata.

Kwa watoto karibu wote mchepuko unafungwa barabara ikiwa tayari. Katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kati ya 8 na 9 hivi wana hitilafu fulani ya moyo, na kama robo ya hao hitilafu yao ni ya kuhitaji upasuaji au katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, ndani ya mwaka wa kwanza. Ndani ya kundi hilo dogo wamo ambao barabara haikujengwa kabisa, au ni nyembamba mno. Hao wanaishi kwa mchepuko. Siku zote alizonyonya na kulia vizuri, alikuwa anaishi kwa kile kijishipa, na kijishipa kilipoanza kujifunga, kama kilivyoumbwa kufanya, ndipo mkaona. Kwa hiyo jana mliona sawa. Hakuna dalili mliyoipuuza.

Mtakachokiona kinategemea ni barabara ipi imekosekana. Kama ni ya kwenda mapafuni, damu haichukui oksijeni ya kutosha na mtoto anageuka bluu, mara nyingi bila kuhangaika sana mwanzoni; anapumua kwa kasi kidogo, basi. Kama ni ya kwenda mwilini, tuseme aota imebanwa au upande wa kushoto wa moyo haukukua, huyo habadiliki kuwa bluu sana. Anapauka, anakuwa wa kijivujivu, miguu baridi, mapigo kwenye kinena hayashikiki, nepi inakaa kavu. Figo na utumbo vinakosa damu. Huyu ndiye anayenitisha kuliko wote, kwa sababu anafanana mno na mtoto mwenye maambukizi makali ya damu, na yapo masaa mengi yanayopotelea hapo. Wa tatu ni yule ambaye mishipa mikubwa miwili imebadilishana mahali: damu yenye oksijeni inarudi mapafuni, isiyo na oksijeni inarudi mwilini, kila moja inazunguka kivyake. Wengi wa hawa wanazaliwa na uzito mzuri tu, na wanaanza kubadilika rangi saa za mwanzo.

Si kila moyo unaobadilika ghafla uko hivi. Kuna mtoto ambaye umeme wa moyo unazunguka vibaya, mapigo yanapita 220 kwa dakika, naye anakuja amechoka vilevile. Matibabu yake ni tofauti kabisa na mara nyingi anatulia haraka. Ninamwacha kwa leo.

Kuhusu rangi nina jambo la kusema, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu, usitazame kucha wala midomo. Midomo ya watoto wetu wengi ina weusi wake wa kuzaliwa. Mfungue mtoto kinywa akiwa analia, kwenye mwanga wa jua la dirishani, utazame ulimi na fizi. Ulimi wa mtoto mzima ni mwekundu au wa waridi. Ukiwa na rangi ya zambarau, hilo ni jambo la kwenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Na kwetu mtoto mchanga hukaa ndani: chumba kimefungwa mapazia, mama yuko kwenye arobaini, mtoto kafungwa kanga mpaka puani, taa ni ile ya simu. Sina ugomvi na arobaini. Mama anapumzika na mtoto anakaa na joto. Ila mara moja kwa siku, mfungueni mwanga umpate.

Tazama pia anavyonyonya. Mtoto mwenye moyo mchovu anashika titi kwa hamu, ananyonya kidogo, anaachia, anahema, anashika tena, na jasho linamtoka kwenye paji la uso chumba kikiwa na baridi yake. Anamaliza saa nzima kwenye titi na bado ana njaa, au analala kabla hajashiba. Hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu: zikifika 60 au kuzidi, rudia kuhesabu, zikiwa vilevile, nendeni.

Mara nyingi anayenipa habari hizi kamili si mama wala baba. Ni bibi. Nimempa shikamoo yake, naye akishaitikia ananivuta pembeni: "Mwanangu, mimi nilisema tangu juzi huyu mtoto anatoa jasho kama mtu mzima." Halafu sauti inashuka: "Au wamembemenda?" Swali hilo nimelizoea. Wakati mwingine ni zongo, wakati mwingine ni jicho la mtu, na wakati mwingine mama mkwe anamtazama mkwewe kwa namna ambayo haihitaji maneno. Jibu langu huwa moja, na nalisema mbele ya wote ili lisikike na kila upande: moyo wa mtoto unakamilika kuumbika kufikia wiki ya nane hivi ya mimba. Wakati huo wanawake wengi hawajaanza hata kliniki. Hakuna alichokula mama baada ya hapo, hakuna walichofanya wazazi baada ya kujifungua, kinachoweza kukata barabara ambayo haikuwahi kujengwa. Kisukari cha mama kabla ya mimba kinaongeza uwezekano, rubela katika miezi ya mwanzo vilevile, baadhi ya dawa, na hali kama ya Down. Kwa wengi chanzo hakipatikani. Bibi akinielewa, kazi yangu inapungua nusu, kwa kuwa ndiye mwenye sauti nyumbani.

Kitu kimoja sikivumilii: kukata kimeo. Mtoto hanyonyi, anahema, mtu anasema ni kimeo, kinakatwa kwa wembe. Mtoto ambaye damu yake ina oksijeni nusu ya inavyotakiwa anapotezewa damu hiyohiyo na kuachiwa kidonda kooni. Ukiambiwa kimeo, pitiliza hospitali.

Hospitali sasa. Wazazi wanashangaa kuona mtoto amewekewa oksijeni na namba kwenye mashine haipandi. Haipandi kwa sababu mapafu hayana shida. Damu ndiyo haifiki huko, au ikifika hairudi inakotakiwa. Hilo lenyewe linatupa habari, na daktari mzoefu akiona oksijeni haimsaidii mtoto wa siku tano anaanza kuufikiria moyo. Tena oksijeni nyingi yaweza kuharakisha kijishipa kujifunga, ndiyo maana utatuona tunaipunguza na ukadhani tumekata tamaa. Antibayotiki tutampa pia, kwa kuwa katika saa ya kwanza hakuna anayeweza kuapa kwamba si maambukizi.

Dawa yenyewe ni ile prostaglandini, safari hii kwa dripu, tone kwa tone bila kukatika. Tunakirudisha kijishipa katika siku zake za tumboni. Pakiwa na bahati, ndani ya nusu saa miguu inaanza kupata joto. Ina makali yake: inaweza kumsahaulisha mtoto kupumua, inaleta homa, inamfanya ngozi iwe nyekundu. Kwa hiyo mtoto anayeipata hatoki machoni pa muuguzi, na wengine tunawaweka kwenye mashine ya kupumulia kabla ya safari. Si dawa ya kuponya. Inanunua siku.

Wazo hilo la kuutegemea mchepuko lina historia ninayoipenda. Helen Taussig, daktari wa watoto Baltimore, Marekani, aligundua kwamba watoto wake wa bluu wanazidiwa pale kijishipa kinapofunga. Akamwendea daktari wa upasuaji Robert Gross huko Boston, ambaye mwaka 1938 alikuwa amefanikiwa kukifunga kijishipa hicho kwa mtoto ambaye kilibaki wazi, akamwuliza kama angeweza kutengeneza kingine. Gross hakuvutiwa, yeye alikuwa anavifunga. Taussig akarudi hospitalini kwake, Johns Hopkins, kwa daktari wa upasuaji Alfred Blalock, na fundi wa maabara Vivien Thomas, Mweusi ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kusoma udaktari, akaitengeneza operesheni hiyo kwa mbwa. Novemba 1944 Blalock aliifanya kwa mtoto, Thomas akiwa amesimama nyuma ya bega lake akimwelekeza. Njia hiyo ya kuunganisha mishipa bado tunaitumia, na jina la Thomas lilichelewa sana kuongezwa kwenye jina la operesheni hiyo. Mwaka 1966 daktari wa moyo wa watoto William Rashkind wa Philadelphia alipitisha katheta yenye puto hadi ndani ya moyo na kupanua tundu kati ya vyumba vya juu, bila kupasua kifua. Mtoto mwenye mishipa iliyobadilishana anaweza kupata nafuu hapohapo kitandani. Prostaglandini ilifuata katikati ya miaka ya 1970, kazi ya Toronto, na mwaka 1975 daktari wa upasuaji Adib Jatene huko São Paulo, Brazili, akafanikiwa kuirudisha mishipa hiyo kila mmoja mahali pake. Operesheni ya Jatene inataka ifanyike mapema, wiki za mwanzo, kabla upande wa kushoto wa moyo haujazoea kazi nyepesi. Ndiyo maana tunapowaambia "wiki hii", hatuwatishi.

Hapa kwetu rufaa za moyo kwa miaka mingi zilikuwa za kwenda India. Sasa watoto wengi wanapasuliwa nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kenya na Uganda nako wana vituo vyao. Sitawadanganya: kupasua mtoto wa wiki moja ni kitu kingine na kupasua wa miaka mitatu, na kwa baadhi ya hitilafu, hasa ule upande wa kushoto ambao haukukua, uwezo wetu bado ni mdogo. Mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo wazi, siku ya kwanza, na mtu aliyeketi. Gharama ziulizeni mapema kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla hamjauza kiwanja.

Mnauliza mbona ultrasaundi haikuona. Nyingi zinapima umri wa mimba, mlalo wa mtoto na kondo. Moyo unahitaji mtu aliyefunzwa kuutazama, kwenye wiki ya 18 hadi 22. Na mbona daktari aliyemsikiliza kwa kipimo hakusikia kitu? Hitilafu nyingi za hatari hazina sauti yoyote. Kinachosaidia ni kile kibanio cha kupima oksijeni, ambacho tangu Uviko-19 kipo hata kwenye vituo vidogo. Mtoto akishafikisha saa 24, kinawekwa mkono wa kulia kisha mguu wowote. Ikifika asilimia 95 au zaidi na tofauti ya mkono na mguu haizidi 3, vizuri. Chini ya 90 kwenye mkono au mguu, hatoki hospitali. Kati ya hapo anarudiwa baada ya saa moja. Muombe kabla ya kuruhusiwa, na kama hamkufanyiwa, ombeni kwenye hudhurio la siku ya saba. Kinaweza kumkosa mwenye aota iliyobanwa, kwa hiyo majibu mazuri hayafuti yale niliyosema kuhusu jasho, pumzi na miguu ya baridi.

Kwa aliye mkoani na mtoto ameshabainika, ugumu ni barabara ya kuja. Kabla ambulensi haijaondoka, ulizeni mambo haya bila aibu: daktari wa tunakokwenda amepigiwa simu na anatusubiri? Dawa ya dripu inatosha safari nzima, foleni ikiwemo, na iliyobaki imewekwa kwenye baridi? Kuna kanula ya pili, yaani kijimrija cha dripu mshipani, ya kwanza ikitoka? Muuguzi anayepanda anajua kumpumulisha mtoto kwa mfuko, na mfuko wenyewe wa saizi ya mtoto mchanga umo ndani ya gari? Mtoto amepimwa sukari na amefunikwa kichwa? Jibu likiwa hapana kwa lolote, msikubali gari liondoke mpaka lirekebishwe.