Sista wa Jeshi Si Mtawa: Kabla Hujaomba Jalada la 1944

Kila Februari ikikaribia, dawati letu la kumbukumbu za vita hupokea barua nyingi kuhusu meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa 1944 ikiwa na askari na wauguzi wa jeshi. Tunazipokea kwa moyo mkunjufu, kwani kila anayeandika anatafuta mtu wake. Lakini nyingi hukwama kwenye neno moja: Sista.

Sista wa nyaraka hizi si mtawa, na mashirika ya kitawa yamechoka kuulizwa. Ni cheo cha muuguzi wa QAIMNS, huduma ya wauguzi ya jeshi la Uingereza. Tangu 1941 kililingana na luteni. Wala si jeshi lililomfundisha uuguzi. Aliingia ameshahitimu: miaka 3 ya wodini katika hospitali ya kiraia, mtihani, jina kwenye rejista ya wauguzi. Jeshi lilimwongezea ujuzi wa kuuguza malaria, kuhara damu, majeraha ya risasi, na wa kuwaelekeza wahudumu wa wodi. Rekodi ya masomo yake iulizieni hospitali aliyosomea.

Meli iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, abiria wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki baada ya chakula cha mchana. Manowari ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa torpedo, nayo meli ikazama ndani ya dakika 2 hivi. Walikufa watu 1,297. Kati yao wanawake walikuwa 77, wengi wao wauguzi. Wanawake waliookolewa ni 6.

Msiwatafute wauguzi hao kwenye makaburi ya Ngong Road, Nairobi. Pale yapo majina ya askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki waliozama na meli hiyo, mamia yao. Ya wauguzi wa jeshi yako Brookwood, Uingereza.

Majalada ya utumishi wao huombwa kwa serikali ya Uingereza, si kwetu. Ombi liwe na majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya jeshi kama mnaijua. Ukija kusoma nyaraka tulizonazo, utapewa jalada moja kwa wakati mmoja, na utatumia penseli tu. Kalamu ya wino inabaki mlangoni, hata kama ni ya wakili. Kuchana au kuondoka na karatasi ya kumbukumbu za umma ni kosa la jinai, na hapo hatutoi onyo, tunaita polisi.

Majina ya askari wetu, makarani waliyaandika kadiri walivyoyasikia. Tuleteeni kila tahajia mnayoijua, hata ile ya babu peke yake.